Nani Hayupo Kwenye Picha?

(Hotuba hii niliitoa mbele ya wakufunzi na wahadhiri wa somo la historia. Wenzetu ambao hawakufika wameiomba, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa ukutani sikuziweka hapa. Nimezieleza kwa maneno.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa vyuo, wakufunzi wenzangu, kaka zangu na dada zangu, itifaki imezingatiwa. Hamjambo? Hiyo sauti ni ya watu waliokunywa chai bila vitafunwa. Tutavumiliana.

Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja achukue karatasi aliyoikuta kwenye kiti chake. Ni nusu ya A4. Mfuko wetu haukufika kwenye karatasi nzima. Nawapa dakika mbili. Nichorieni mkulima wa kusini mwa nchi yetu, mwaka 1905. Usiandike jina lako. Usichungulie kwa jirani. Na wewe mzee wangu pale nyuma unayesema hujui kuchora, hata mimi sijui. Mwanangu huwa ananiuliza kama nilichochora ni mbuzi au meza.

(Dakika mbili zikapita, ukumbi ukawa kama darasa la tatu siku mwalimu hayupo.)

Imetosha. Ilaze karatasi kifudifudi mapajani, usimwonyeshe mtu. Tutairudia.

Wengi mnanifahamu. Nafundisha historia chuo cha ualimu, yaani nawafundisha watakaokwenda kuwafundisha watoto wetu. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwaambia wanachuo wangu wachore. Siwaambii wanakili ramani kutoka ubaoni. Nawaambia wachore wanavyoiona historia vichwani mwao. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kiongozi wangu mmoja alipita dirishani akaona watu wazima, wengine wana familia, wameinamia karatasi na penseli, ndimi zimetoka nje kidogo. Akaingiza kichwa: "Mwalimu, hapa ni chuo au chekechea?"

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, kwa heshima ya cheo. Lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Mtu mzima anachora ili iweje?

Nitajibu kwa kuwauliza ninyi. Mwambie mwanachuo yeyote aeleze sababu za vita vya Majimaji, vile ambavyo watu wa kusini walipigana na Wajerumani kuanzia mwaka 1905. Utapata nini? Semeni kwa sauti. Utangulizi, pointi sita, hitimisho! Kodi ya kichwa. Kazi za kulazimishwa. Kilimo cha pamba. Ukatili wa maakida, wale wasimamizi wa Mjerumani. Kudharauliwa kwa mila. Kupokonywa uhuru. Anaziandika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mtihani, na ukimkuta kwenye korido ukamwuliza kwa Kiswahili anakupa orodha ileile imevuliwa koti. Simlaumu. Orodha ni sahihi na alama atapata. Lakini je, umejua anaamini nini? Umejua akifumba macho anamwona nani?

Maneno yanajua kujificha. Kwenye insha unaweza kuandika "wananchi walipinga ukoloni" na hakuna atakayekuuliza ni wananchi gani. Kwenye karatasi ya kuchorea, wananchi lazima wawe na miguu. Lazima uamue huyu ni mwanamume au mwanamke, ana umri gani, amevaa nini, ameshika nini, anamtazama nani. Uamuzi huo unaufanya haraka, kabla ya kukumbuka desa, yale maelezo ya kukariri, linasemaje. Hapo ndipo mimi mwalimu napata kuona historia uliyokuja nayo kutoka nyumbani, shule ya msingi, msikitini, kanisani, kwenye kalenda za ukutani na kwenye simu.

Halafu kuna hili la lugha. Mchoro hauna Kiingereza. Nilikuwa na binti mmoja ambaye muhula mzima hakunyoosha mkono hata mara moja. Nilishamweka kwenye kundi la "wale wa nyuma". Mnalijua kundi hilo, na mnajua tunavyokosea kulipanga. Mchoro wake ndio uliolifanya darasa libishane siku mbili. Alipoeleza kwa Kiswahili nilitamani kuomba radhi hadharani. Mchoro wenyewe nitaueleza baadaye.

Tuanze na ngazi.

Siku ya kwanza ya muhula nawapa neno moja: historia. Chora historia, dakika kumi. Wapo wanaochora kitabu chenye kufuli. Wapo wanaochora mzee amezungukwa na watoto chini ya mwembe. Lakini kinachoongoza kila mwaka, bila kukosa, ni ngazi. Chini kabisa kuna nyani. Juu yake mtu aliyeinama na jiwe mkononi. Juu yake mtu wa mkuki. Juu yake mtu wa jembe. Na kileleni kuna nani? Bwana mmoja amevaa suti na tai, ana mkoba. Siku hizi ana simu.

Ngazi hii wameitoa wapi? Wameitoa kwetu. Kwanza, kuna ile picha ya nyani anayenyooka hatua kwa hatua mpaka anakuwa mtu. Asili yake ni mchoro wa Mmarekani Rudolph Zallinger wa mwaka 1965. Uliwekwa kwenye kurasa za kukunjuliwa: ukizikunjua zote unaona viumbe 15 kwenye msafara, ukiziacha zimekunjwa unaona sita tu. Dunia ikabaki na msafara, maelezo yaliyokuwa pembeni yakasahaulika. Pili, kuna mifumo ya uzalishaji mali: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, ujamaa. Sisi wenyewe tunazichora ubaoni ghorofa juu ya ghorofa, kisha tunashangaa mtoto akipanda.

Kijana mmoja alichora ngazi nzuri sana, mistari imenyooka kama ya fundi. Nikamwuliza: huyu wa jembe, hatua ya nne, anafanana na nani unayemjua? Akajibu bila kufikiri: "Kama mama, mwalimu."

Darasa likanyamaza. Naye akanyamaza, kwa maana alijisikia alichokisema. Nikamwuliza polepole: mama yako yuko hai? Yuko hai. Ana simu? Anayo, na wiki iliyopita alimtumia hela ya matumizi kwa simu hiyohiyo. Sasa mbona umemweka nyuma ya mtu wa tai kana kwamba aliishi zamani? Ndugu zangu, kijana huyu angeandika insha ya pointi sita kuhusu maendeleo ya mwanadamu, ningempa alama zake nikageuza ukurasa. Nisingejua kwamba ndani ya maendeleo hayo mama yake mzazi ni mtu wa kale.

Baada ya hapo tulikwenda bonde la Olduvai, kule inakochimbwa mifupa ya kale. Si kwa basi, nauli hatuna. Tulikwenda kwa kusoma. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona pale fuvu la Zinjanthropus, lile ambalo tunalo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1964 mifupa mingine ya bonde hilohilo ikapewa jina Homo habilis. Wote wawili wametoka kwenye tabaka la chini la Olduvai, umri wao unakaribia miaka milioni 1.8. Walikuwa majirani! Mmoja, yule Zinjanthropus, ukoo wake ulikatika baadaye. Nikawauliza wanachuo: kwenye ngazi zenu, hawa mtawaweka hatua ipi? Yupi amkanyage mwenzake kichwani?

Yule fundi wa mistari alifuta ngazi yake mpaka karatasi ikatoboka. Alipochora upya alichora mto wa msimu, kama ile ya Dodoma, wenye mikono mingi, mingine inaishia mchangani. Sikumwambia achore mto. Wala sisemi kwamba mto ni jibu. Nawaambia tu kwamba wiki hiyo alianza kuuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake.

Sasa Majimaji. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Wanachuo wanaijua vita hii kuliko nyingine zote. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa dawa, wanamjua. Dawa ya maji, mtama na mbarika wanaijua. Wanajua pamba iling'olewa kule Nandete mwishoni mwa Julai 1905, na kwamba risasi zilitarajiwa kugeuka maji. Basi nawaambia wafunge madaftari: chora vita vya Majimaji. Michoro tunaitundika kwenye kamba darasani kwa vibanio vya nguo, tunatembea na kuitazama kimya kimya. Kisha nauliza swali langu moja. Nani hayupo kwenye picha?

Picha zenyewe zinafanana kana kwamba zimechorwa na mtu mmoja. Kushoto, wanaume vifua wazi wenye mikuki. Kulia, Wajerumani weupe wenye kofia na bunduki. Katikati, Kinjikitile ameinua mkono, maji yanamwagika. Tuna shida na Kinjikitile peke yake, maana kwenye michoro anaongoza vita mpaka mwisho. Ukweli ni kwamba alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Boma la Mahenge liliposhambuliwa tarehe 30 Agosti, watu wakakatwa na bunduki za rashasha, yeye alikuwa ameshakufa. Basi ni nini kilichowafanya watu waendelee kwa karibu miaka miwili bila yeye? Hilo ni swali la kihistoria kweli, na limetokana na kasoro ya mchoro.

Lakini swali langu lilikuwa nani hayupo. Mwaka mmoja ukimya ulikuwa mrefu. Mmoja akasema watoto. Mwingine akasema mbwa, tukacheka. Halafu kijana wa nyuma kabisa, mpole, akasimama akasema: "Mwalimu, askari weusi hawapo."

Nikamwambia aendelee.

"Sote tumechora Mjerumani ndiye anayepiga risasi. Lakini Wajerumani walikuwa wachache. Waliobeba bunduki wengi walikuwa watu weusi." Akameza mate. "Kwetu tuliambiwa babu wa babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Sikujua nimchore upande gani, ndiyo maana sikumchora."

Mmesikia? Hakumsahau. Alimwacha. Yaani pale kwenye karatasi yake palikuwa na mtu, na aliamua pawe patupu. Jeshi la Götzen, gavana wa Kijerumani, ndugu zangu, tunalijua: maofisa Wajerumani, nyuma yao askari Wasudani, Wanyamwezi, Waswahili na wengine, pamoja na rugaruga waliokodiwa njiani. Vitabuni limo. Kwenye pointi sita halimo. Na kwenye kamba yetu ya nguo, katika michoro yote ya darasa, halikuwamo hata kidogo.

Nilimwambia kijana achore tena kama anataka, na kama hataki basi. Wiki iliyofuata alileta karatasi. Upande wa kushoto vijiji, upande wa kulia boma. Katikati kuna mtu mmoja mkubwa, amevaa sare, ana bunduki begani, na amempa mtazamaji kisogo. Hakumchora uso. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Sijui alikuwa anaona nini, mwalimu. Nimemwacha atazame mwenyewe."

Miaka mingi ya kusahihisha insha sijawahi kusoma sentensi iliyonifundisha zaidi ya hiyo kuhusu mipaka ya kazi yetu.

Haya. Karatasi zenu. Zipindueni.

Waliochora mwanamume wanyooshe mkono. Mh! Shusheni. Waliochora mwanamke? Mmoja, wawili... watano. Watano, na akina mama humu ukumbini ni karibu nusu. Dada yangu pale mbele, umechora mwanamume? Ana jembe? Nyumbani kwenu nani alikuwa akilima? "Mama na bibi." Asante. Msimcheke, mmejicheka wenyewe.

Hatuko peke yetu. Mwaka 1983 mtafiti David Chambers alichapisha matokeo ya zoezi lililofanyiwa watoto 4,807: chora mwanasayansi. Unajua wangapi walichora mwanamke? 28. Na wote 28 walikuwa wasichana. Mwaka 1997 Janice Fournier na Sam Wineburg, huko Marekani, walifanya jambo la namna hiyo kwa historia. Waliwaambia wanafunzi wachore watu wa zamani za nchi yao. Wavulana walichora karibu wanaume watupu. Wasichana walichanganya kidogo.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mkulima wa mwaka 1905 ndiye mwenye vita. Alivutwa kwenye shamba la pamba msimu ambao chakula chake kilihitaji kupaliliwa. Mwanamume akipelekwa pamba, nani alibaki na mtama, na ngedere, na watoto? Ukimfuta mwanamke huyo hutaelewa sababu ya vita, na matokeo yake hutayaelewa kabisa. Kuna Mkomanile, mwanamke mwenye mamlaka katika nchi ya Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Makumbusho ya Majimaji pale Songea yanamkumbuka. Nikitaja jina lake darasani wengi wananiambia ndiyo mara ya kwanza kulisikia, na baadhi yao wametoka Ruvuma.

Sasa ule mchoro wa binti wangu wa nyuma. Alichora mwanamke mmoja tu. Ana mtoto mgongoni, mkono mmoja ana chupa ya dawa ya maji, mwingine ameshika mche wa pamba, umeng'olewa na mizizi yake. Mume hayupo. Darasa likagawanyika: wanawake waling'oa pamba? Tuna ushahidi gani? Wewe umetoa wapi? Akasema, "Sijatoa popote. Nimejiuliza tu, kama mimi ndiye niliyekuwa nalala njaa kwa ajili ya pamba, ningemsubiri mume wangu?" Siku mbili tulibishana kuhusu ushahidi: unatoka wapi, nani aliuandika, mmishonari na ofisa wa boma walikuwa wanamwona nani na hawamwoni nani. Sikuhitaji kutoa mhadhara wa vyanzo vya historia mwaka ule. Ulishatolewa.

Jambo jingine nitalipitia haraka. Mara nyingi mwanachuo hachori tukio; anachora picha ya tukio aliyowahi kuiona. Mwambie achore biashara ya utumwa: mnyororo uleule, kongwa lilelile shingoni, mtu yuleyule wa kanzu na kilemba mwenye mjeledi. Ni michoro ya vitabu vya wasafiri na wamishonari wa karne ya 19, imepita kitabu hadi kitabu mpaka ikatua kwenye penseli ya kijana wa leo. Mnunuzi wa karafuu hayupo, wala mnunuzi wa pembe wa Ulaya na Marekani, wala mwenye shamba la miwa kule kwenye visiwa vya Wafaransa. Na darasani ameketi mwenzao anayeitwa kwa jina la Kiarabu, anatazama kamba ya nguo. Hapo kuweni waangalifu sana. Msitundike kabla hamjazungumza.

Ninachowafanyia ni kuwaonyesha Kilwa. Mwaka 1572, huko Köln, Ujerumani, Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha kitabu cha picha za miji ya dunia, na Kilwa imo. Ni mji mzuri wenye majumba na minara, ukiutazama unadhani ni mahali fulani Ulaya au Uturuki. Kilwa yenyewe Wareno walikuwa wameshaipora tangu 1505. Namweka mwanachuo picha hiyo mkono wa kushoto, na mkono wa kulia picha za magofu ya Kilwa yenyewe, Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Namwuliza: mchoraji wa Köln alikosa nini, na aliziba pengo kwa kitu gani? Akishamjibu mchoraji wa Köln, nampa mchoro wake mwenyewe.

Msije mkadhani sikukosea. Nilikosea sana, acheni niwape makosa yangu bure.

La kwanza, nilitoa alama kwa mchoro. Wenye vipaji wakapata, wasio na vipaji wakaanza kunakili kutoka kwenye simu. Sasa sitoi alama kwa mchoro hata moja. Natoa kwa maelezo ya chini yake, mistari mitano hivi, kwa lugha anayoipenda: umemweka nani, umemwacha nani, unajuaje. La pili, niliruhusu rangi. Usiruhusu rangi. Watatumia nusu saa kupaka anga. Penseli, karatasi, dakika kumi, basi. Na kama una watu mia mbili kwenye ukumbi, robo karatasi kila mmoja, wabadilishane wanne wanne, usijaribu kuitundika yote.

La tatu linaniuma mpaka leo. Mwanachuo mmoja wa Songea alichora unyongaji wa mashujaa wa Majimaji wa tarehe 27 Februari 1906, ule ambao Songea wanaukumbuka kila mwaka. Pembeni alichora mwili wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, hauna kichwa. Nilikuwa na haraka. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Malizia mchoro."

Alinifuata ofisini. "Mwalimu, umeisha." Inaaminika kwamba kichwa cha Nduna kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na wazao wake bado wanakidai. Nilikuwa nalijua jambo hilo! Nimelifundisha! Lakini nilipoliona kwenye karatasi nikadhani ni uvivu. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi mbele ya wazao hao, mimi nilikuwa mbele ya televisheni nikifikiria ile kalamu nyekundu. Tangu siku ile nauliza kwanza, kisha ndipo naandika, na siandiki kwa nyekundu.

Nimalizie na mchoro wa pili, kwa sababu wa kwanza peke yake ni nusu ya kazi. Ukimchoresha mtu mara moja umemfumania tu. Mchoro wa pili unakuja mwisho wa muhula, mada ileile, baada ya kusoma, baada ya kubishana, na baada ya likizo. Kule Kolo, Kondoa, kwenye miamba yenye michoro ya kale, michoro myeupe imechorwa juu ya myekundu iliyotangulia, na zote mbili unaziona. Nawaambia wafanye hivyohivyo, wasiutupe ule wa kwanza.

Likizo ina kazi yake. Mnakumbuka mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walirudi makwao kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Majimaji, chini ya wanahistoria akina Gilbert Gwassa na John Iliffe. Wakati ule waliwakuta watu walioiona vita. Sisi hatuna bahati hiyo, lakini tuna wajukuu wa walioiona. Kwa hiyo nawaambia wanachuo: nenda na mchoro wako. Usiende na dodoso. Mpe mzee mchoro, ukae kimya.

Kijana mmoja kutoka Umatumbi alimpelekea bibi yake ule mchoro wa kawaida, mikuki kushoto, bunduki kulia. Bibi akautazama muda mrefu, akauweka mbali na macho, akausogeza tena. Akasema, "Vita umevichora vizuri, mjukuu wangu. Na njaa umeiweka wapi?"

Kijana akarudi chuoni na swali: "Mwalimu, njaa inachorwaje?"

Sikujua. Tulirudi vitabuni. Wajerumani walichoma vijiji, wakachoma mashamba na akiba ya nafaka, makusudi, na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wengine wamefika hadi 300,000. Kijana alijaribu kuchora watu wembamba wenye mbavu nje. Akamtumia bibi picha kwa simu ya jirani. Bibi akasema hao ni watu wa kwenye televisheni, si watu wa kwao. Akajaribu makaburi. Bibi akauliza, "Na nani alikuwa na nguvu ya kuchimba?"

Mchoro aliouleta mwisho wa muhula ninao nyumbani. Hauna mtu hata mmoja. Kuna kihenge kimoja kikubwa, kifuniko chake kiko chini kando, na majani yameota ndani ya kifuniko. Kuna nyayo zinatoka kwenye kihenge kuelekea porini. Nyingine kubwa, nyingine ndogo. Hazirudi.

Nilimwuliza bibi alisema nini safari hii. Alicheka kidogo, akasema bibi hakusema kitu, aliuliza tu kama anaweza kubaki nao.

Ndiyo maana nilionao mimi ni nakala.

Mheshimiwa mwenyekiti, naona saa imenikimbia na wapishi wananitazama. Karatasi zenu mnaweza kuondoka nazo, au mziache mezani pale mlangoni. Atakayeiacha aandike nyuma yake mstari mmoja: nani hayupo. Jina lako usiandike. Asanteni sana kwa kunisikiliza.